Shamba Halikuwa na Kiu: Miaka Mitatu ya Kujifunza Kumwagilia Uwanda wa Kano

Mwezi wa Januari 2022 nilirudi nyumbani kutoka Nakuru, nilikokuwa karani wa ghala kwa miaka tisa, nikiwa na akiba ya shilingi 380,000 na ruhusa ya kaka yangu mkubwa kulima ekari moja na nusu ya ardhi ya familia, iliyo kama mita 300 kutoka ukingo wa Mto Nyando, upande wa chini wa Ahero, kaunti ya Kisumu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mtu mwenye ardhi karibu na mto hana sababu ya kungoja mvua. Ninaandika haya kwa sababu sehemu kubwa ya akiba ile ilipotea katika makosa ambayo mtu mwenye ujuzi angeniepusha nayo kwa mazungumzo ya saa moja. Tena, kila siku ya soko ninamwona kijana mwingine akipita na pampu mpya iliyofungwa nyuma ya bodaboda, nami ninatamani kumsimamisha na kumuuliza kama anajua pampu ile itatoa lita ngapi kwa dakika, na maji yakizidi shambani mwake yatatokea wapi.

Mimi sikujua hayo yote mawili. Nilizaliwa nikiyaona maji yakisukumwa kwa mashine: mradi wa mpunga wa Ahero, ulioanzishwa miaka ya 1960, huvuta maji kutoka Nyando kwa pampu, na ule wa West Kano huyavuta kutoka Ziwa Victoria. Nilikua nikicheza kandokando ya mifereji hiyo, na picha iliyobaki kichwani mwangu ni ya shamba lililojaa maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Sikuwahi kujiuliza kwamba mpunga ni mmea wa namna yake, na kwamba nyanya, vitunguu na sukuma wiki haviwezi kuishi hivyo.

Kosa la kwanza lilitokea hata kabla ya tone moja kufika shambani. Nilinunua pampu ya petroli ya inchi mbili kwa shilingi 28,000, pamoja na mpira mgumu wa kuvutia na mpira wa kukunja wa kusukumia. Kwa kuogopa wezi niliiweka juu kabisa ya ukingo, karibu na mti ambako ningeweza kuifunga kwa mnyororo. Januari mto unakuwa umeshuka sana. Nilivuta kamba ya kuwashia, injini ikanguruma vizuri, na hapakutoka kitu. Nilijaza maji kwenye pampu upya, nikavuta tena, mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Fundi wa kwanza aliifungua, akaifunga, akachukua shilingi 1,500. Wa pili alibadilisha kifaa fulani cha mpira ndani yake, akachukua 2,000. Wa tatu alikuwa kijana anayekodisha pampu kwa wakulima wa tikiti maji, naye hakugusa spana. Alifunga jiwe kwenye uzi, akaliteremsha kutoka kwenye pampu hadi usoni mwa maji, akaupima uzi kwa mikono yake, akaniambia: "Kaka, mashine haina ugonjwa. Umeiweka juu mno."

Uzi ule ulikuwa na zaidi ya mita saba na nusu. Baadaye nilielewa kwamba pampu ya juu ya ardhi haiyavuti maji kwa nguvu zake yenyewe, bali huondoa hewa ndani ya mpira, kisha uzito wa hewa iliyo nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo una kikomo: katika usawa wa bahari hauwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi, na hapa kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kikomo hushuka hadi karibu mita tisa hata kwa pampu isiyo na dosari yoyote. Ukiondoa msuguano ndani ya mpira na hewa inayopenya kwenye viungo, mita sita ndizo za kutegemea. Ndugu zangu wa Nakuru, ambako mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,800, wapunguze tena. Kusukuma ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa pampu hiyohiyo isiyoweza kuvuta mita nane inaweza kusukuma maji yapande mita 20 au zaidi. Kwa hiyo mashine inashuka chini karibu na maji, na urefu unaachiwa upande wa kusukuma. Nilichonga kidato kwenye ukingo, mita tatu hivi juu ya maji, nikakaza viungo vya mpira wa kuvutia kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, na pampu ikatoa maji mara ya pili nilipovuta kamba. Kila jioni mimi na mdogo wangu tuliibeba kurudi nyumbani.

Sasa niseme juu ya udongo, kwa maana hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Udongo mwingi wa Kano ni ule mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi. Nyufa zake mwezi wa Februari zinaweza kumeza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilipofungulia maji kwenye mfereji wa kwanza kati ya mistari ya nyanya, niliyatazama yakienda hatua tatu, yakizama, yakienda hatua nyingine mbili, yakizama tena, kana kwamba chini kulikuwa na pango. Ilichukua karibu nusu saa mfereji mmoja kufika mwisho. Niliamini kwamba ardhi ile ilikuwa na kiu kubwa, basi nikaamua kumwagilia kwa saa sita, mara mbili kwa wiki, ili mwisho wa mistari nao upate. Nisichokijua ni kwamba udongo huo ukishalowa huvimba, nyufa zikajifunga, na tangu hapo maji hupenya polepole mno. Kule mwanzo wa mistari, maji yalikuwa yamesimama juu ya mizizi kwa saa tano huku mimi nikingoja mwisho wa mistari ulowe.

Wiki ya tano nyanya zilianza kunyauka saa sita mchana. Majani yalilegea, yakaning'inia, jioni yakainuka kidogo. Mtu yeyote akiona jani limelegea juani husema mmea una kiu, nami nilisema hivyo, nikaongeza siku ya tatu ya kumwagilia. Zikanyauka zaidi, na majani ya chini yakageuka manjano. Nilikuwa silali vizuri. Mke wangu aliniuliza kama petroli ya wiki hiyo ingetokana na karo ya mtoto, na ndivyo ilivyokuwa.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi ya kugawa maji kwenye mifereji ya mpunga kwa miaka mingi, alikuwa akipita na kuniona nikimwagilia, lakini mzee wa kwetu haingii shambani mwa mtu kutoa ushauri kabla hajaombwa. Nilimwendea siku ya Jumapili, nikamsalimu, nikamwomba. Alikuja na panga. Hakuyatazama majani hata kidogo. Alipiga magoti katikati ya mstari, akachimba shimo la kina cha mkono hivi, akatoa bonge la udongo, akalikamua mkononi. Maji yalichuruzika kati ya vidole vyake. Kisha akang'oa mche mmoja taratibu na kunionyesha mizizi: ilikuwa ya kahawia, ganda lake likiteleza na kutoka ukilishika, na harufu yake ilikuwa ya bwawa lililokufa.

"Mwanangu," akasema, "shamba hili halina kiu. Linazama."

Sikumjibu kwa muda. Alinieleza kwamba mzizi unahitaji hewa kama unavyohitaji maji, na ukikosa hewa hauwezi kunywa hata kama umezungukwa na maji, kwa hiyo jani hulegea vilevile kama lililokosa maji. Anayetazama jani peke yake hawezi kuyatofautisha mambo hayo mawili. Ni lazima achimbe. Tangu siku hiyo sijawahi kumwagilia bila kuchimba kwanza, kina cha shubiri moja na kina cha shubiri mbili, na kuufinyanga udongo kati ya kidole gumba na cha shahada. Udongo mweusi ukivutika ukawa utepe unaong'aa, maji yapo, unarudi nyumbani. Ukitengeneza bonge linaloshikana lakini utepe unakatika mapema, unajiandaa. Ukivunjika chenga ngumu, umechelewa.

Mzee alifanya jambo jingine lililonisaidia. Alikata shina la mche mmoja ulionyauka bila kuwa na majani ya manjano, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, akaniambia nitazame. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zilianza kushuka kutoka kwenye sehemu iliyokatwa. Huo ulikuwa mnyauko wa bakteria, ugonjwa usio na dawa ya kuutibu ukishaingia kwenye mmea, na maji yangu ya mifereji ndiyo yaliyokuwa yakiubeba kutoka mche hadi mche. Kwa hiyo nilikuwa na mikasa miwili katika shamba moja, yote ikisafiri kwa maji. Niling'oa miche yenye ugonjwa nikaichoma, na kipande kile sijakipanda tena nyanya, pilipili, biringanya wala viazi, kwa sababu vyote ni jamii moja na vyote huugua hivyo hivyo.

Msimu ule nilitumia shilingi 96,000 na kuuza nyanya za shilingi 31,000. Ninazitaja namba hizi ingawa zinauma, kwa sababu wakulima wengi huonyesha picha ya mavuno tu.

Baada ya hapo nilianza hesabu ambazo zilipaswa kutangulia. Nililijaza pipa la lita 200 kwa pampu huku nikitazama saa ya simu: sekunde 48. Hiyo ni lita 250 kwa dakika, yaani lita 15,000 kwa saa, wakati kibandiko cha pampu kilisema lita 500 kwa dakika. Kibandiko hakidanganyi, ila kinapima pampu isiyoinua maji popote. Kila mita ya kupanda na kila mita ya mpira inapunguza. Nusu ekari niliyoipanda nyanya ina karibu mita za mraba 2,000, na lita moja ikimwagwa juu ya mita moja ya mraba inakuwa na kina cha milimita moja. Saa sita zangu zilikuwa lita 90,000, sawa na milimita 45 kwa siku moja. Mara mbili kwa wiki ni milimita 90. Nyanya zilizokomaa kwenye jua letu hutumia milimita tano au sita kwa siku, yaani karibu 40 kwa wiki. Nilikuwa nimeinywesha mimea zaidi ya mara mbili ya mahitaji yake hata kabla sijaongeza siku ile ya tatu, tena kwa petroli niliyoinunua kwa pesa za karo. Hesabu hii yote iliingia kwenye nusu ukurasa wa daftari. Kama ningeifanya Januari, ningevuna.

Mwishoni mwa 2022 nilihamia mipira ya matone. Duka moja lilinipa kifurushi cha nusu ekari kwa shilingi 68,000, pamoja na tangi la lita 1,000 ambalo waliniambia linatosha. Nililipandisha juu ya jukwaa la mita moja na nusu, nikafungulia, na kwa muda mfupi nilifurahi sana kuona kila tundu likidondosha. Kabla ya dakika 20 kupita tangi lilikuwa tupu. Nilirudi kwenye daftari: matundu 5,600 hivi, kila moja likitoa karibu nusu lita au zaidi kidogo kwa saa kwa mgandamizo mdogo wa tangi lile, yanamaliza zaidi ya lita 3,000 kwa saa. Na nusu ekari inayohitaji milimita tano inataka lita 10,000 kwa siku. Tangi lilikuwa dogo mara kumi. Sikuwa nimedanganywa kwa nia mbaya, nadhani. Muuzaji hakuniuliza nalima nini wala wapi, na mimi sikuwa nimemuuliza tangi lile linatosha kwa siku ngapi. Ilinibidi ninunue tangi la lita 5,000 kwa shilingi 42,000, ninalolijaza mara mbili kwa siku wakati wa jua kali, na kuligawa shamba katika vipande vinne vyenye koki zake ili kila kipande kipate zamu.

Bomba la kutoka kwenye tangi nalo lilikuwa la inchi moja, urefu wa mita 80. Nilifikiri bomba la inchi mbili lina nafuu mara mbili tu. Ukweli ni kwamba ukipunguza upana wa bomba kwa nusu huku ukitaka maji yaleyale yapite, msuguano huongezeka karibu mara 30. Anayetegemea tangi la mita moja na nusu, ambalo mgandamizo wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa pampu, hana cha kupoteza njiani. Nilibadilisha bomba. Pia nilihamishia bomba la kugawia katikati ya shamba, ili kila mpira wa matone uende mita 30 upande huu na 30 upande ule, badala ya mita 60 mfululizo ambako mwisho wake ulikuwa ukibaki na kiu.

Halafu tope likaja. Nyando hushuka kutoka vilima vya Nandi na Kericho, na mvua ikinyesha kule juu, hata kama kwetu ni kukavu, mto hugeuka rangi ya chai ya maziwa ndani ya siku moja. Chujio dogo lililokuja na kifurushi lilijaa kwa dakika chache, na mimi, kwa uchovu, siku moja nikalitoa ili maji yapite. Hilo ndilo kosa ninalolijutia kuliko yote ya msimu ule, kwa kuwa nililifanya nikijua. Wiki mbili baadaye sehemu za shamba zilianza kukauka bila mpangilio.

Afisa wa kilimo aliyetutembelea alinifundisha kipimo ambacho ninakifanya hadi leo. Chukua vikombe 16 vya plastiki vya aina moja. Chagua mipira minne, mmoja wa mwanzo, mmoja wa mwisho na miwili ya katikati, kisha kwenye kila mpira zika vikombe vinne chini ya matundu, kuanzia mwanzoni hadi mwishoni. Fungulia kwa nusu saa kamili. Pima kila kikombe kwa sirinji kubwa ya duka la agroveti na uandike. Vikombe vyangu vya mwanzo vilikuwa na mililita 290 hadi 300. Vya mwisho vilikuwa na 110, 90, na viwili vilikuwa vikavu kabisa. Macho yangu yalikuwa yakiona mipira ile yote ikidondosha na kuridhika.

Kulisafisha shamba lile kulichukua siku tatu. Tulifungua ncha za mipira yote na kuacha maji yatoke kwa nguvu ya pampu, bomba la kugawia kwanza, kisha mpira mmoja mmoja, tope likitoka kama uji. Matundu yaliyoziba kabisa tuliyaacha na kukata vipande vya mpira mpya. Kisha nikabadilisha namna ya kuvuta maji mtoni: badala ya kuulaza mpira wa kuvutia kwenye matope, niliufunga kwenye mtungi mtupu wa lita 20 unaoelea, mdomo wa mpira ukining'inia nusu mita chini ya uso wa maji, mahali ambapo hapana tope la chini wala takataka za juu. Maji yanaingia kwanza kwenye shimo nililolitandika karatasi nene ya bwawa, yanatulia usiku kucha, asubuhi yanapandishwa kwenye tangi, na chujio la visahani linasimama kati ya tangi na shamba. Ncha za mipira tunazifungua kila Jumamosi. Kipimo cha vikombe kilichofuata kilitoa kati ya mililita 265 na 305, nami niliyaandika majibu hayo kwa herufi kubwa.

Jambo la kibali nililijua kwa kuchelewa. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inamtaka anayevuta maji ya mto kwa mashine awe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mimi nilikuwa nimevuta msimu mzima bila hata kuuliza. Hakuna aliyenikamata. Nilichokutana nacho ni mama mmoja wa upande wa chini, aliyenisimamisha njiani mwezi wa Februari na kuniambia kwa upole kwamba siku ninapowasha mashine, kijito wanachochotea hupungua. Nilimwomba radhi. Nilijiunga na chama cha watumiaji maji cha eneo letu, ambako tulipanga zamu wakati mto ukiwa umeshuka, nami nikaanza safari ya kibali. Ninamshauri anayeanza aanzie hapo, kabla hajanunua chochote, kwa kuwa ndani ya chama kile nilikuta watu watano wenye pampu waliokwisha kufanya makosa yote niliyoyaeleza.

Msimu wa tatu, wa vitunguu, ulikuwa wa kwanza kunipa faida, shilingi 74,000 baada ya kutoa gharama zote. Petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita mwezi wa Septemba 2023, na wenzangu kadhaa waliacha kulima kiangazi. Mimi nilikuwa nikiwasha pampu saa nne tu kwa wiki badala ya 12, na hiyo ndiyo iliyoniokoa. Baadaye, kwa mkopo wa chama, nilinunua pampu ndogo ya sola. Hutoa maji kidogo lakini kutwa nzima, kwa hiyo inamfaa mwenye tangi kubwa. Mabamba yake tunayaondoa kila jioni kama tulivyokuwa tukiibeba ile ya petroli.

Katika vitunguu nilijifunza pia kuiheshimu mvua kwa namba. Nina kopo la bati lenye kuta zilizonyooka, lililosimama wazi juu ya mlingoti, na kila asubuhi mke wangu hutumbukiza rula. Mvua ya milimita 20 ikinyesha taratibu ni siku nne za kumwagilia ambazo hatuna haja nazo. Zamani mvua ikinyesha usiku nilikuwa nikimwagilia asubuhi kwa sababu ratiba ilisema ni Jumanne.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalilifikia shamba letu kama yalivyozifikia sehemu nyingi za Kano. Mipira ya matone ilikuwa imeshakunjwa na kuwekwa darini tangu Machi, na pampu ilikuwa nyumbani, kwa hiyo vifaa havikupotea. Sukuma wiki yote ilioza. Lakini matuta niliyoyainua kwa sentimita 30, pamoja na mtaro wa kutolea maji niliouchimba baada ya ushauri wa mzee, yalifanya kazi: mto uliporudi, shamba langu lilitoka majini kwa siku nne, ilhali vipande vingine vilikaa chini ya maji zaidi ya wiki mbili.

Mtaro huo, hata hivyo, ulinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nimeuelekeza mahali ardhi inaposhuka, na ardhi inaposhuka ni kwa jirani. Maji niliyoyaondoa kwangu yalisimama kwenye mahindi yake. Alikuja nyumbani akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Mzee ndiye aliyetukalisha chini. Alituambia kwamba katika mifereji ya mpunga, kila mfereji wa kuleta maji una mwenzake wa kuyaondoa, na ule wa kuyaondoa hauishii kwenye mpaka wa mtu bali huendelea mpaka mtoni. Mimi na jirani tulichimba pamoja mita 120 kuufikisha mtaro kwenye mfereji wa zamani wa barabara, ambao nao tuliusafisha, na gharama ya vibarua niliilipa mimi kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nikiulizwa leo ni kazi gani moja ningeitanguliza kabla ya pampu, tangi na mipira yote, ningesema ni mtaro huo, pamoja na mazungumzo na jirani kabla ya jembe la kwanza.

Sasa tuko mwisho wa kiangazi kingine. Vitunguu vimelala shingo na nimeacha kuvimwagilia tangu siku kumi zilizopita ili vikauke vizuri. Jana jioni mdogo wangu alirudi kutoka mtoni akasema maji yameanza kubadilika rangi, ingawa kwetu haijanyesha. Kesho tutafungua ncha za mipira mara ya mwisho, tutaisafisha, na kuikunja kuanzia upande wa mto.